Mpaka wa Masale wa Sifaeli Sadoki Akyoo

“Isale la gereji si isale,” ndivyo alivyoniambia mdogo wetu Lesian jana jioni, mbele ya akina mama waliokuwa wanamenya ndizi, “na mtu aliyeleta isale la gereji hawezi kutupa udongo wa kwanza kwenye kaburi la kaka.” Jibu lake nimeliweka mpaka leo, kwa sababu ni refu na mahali pake ni hapa, mbele ya jeneza la mwenyewe, Mchungaji upo, mshili, yaani kiongozi wa ukoo wetu, mzee Elinami upo, majirani mpo, na wewe Lesian nakuona mstari wa pili, usijifiche nyuma ya mwavuli.

Wajukuu wameandika historia kwenye karatasi, nzuri, lakini mimi shule sikuona, kwa hiyo mjukuu wetu Prisca amesimama hapa ananinong'oneza tarehe na mengine nasema mwenyewe. Ameniomba, “Bibi, ya ugomvi usiyataje.” Sasa jamani, mtu aliyegombana na mkoloni, akagombana na chama, akagombana na mtoto wake wa kumzaa, ukimwondolea ugomvi utasoma nini? Utasoma jina, ukae chini.

Marehemu Sifaeli Sadoki Akyoo, kaka yangu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 kule Ngare Nanyuki, mtoto wa kwanza wa mzee Sadoki na mama yetu Namnyaki, akabatizwa mwaka huohuo. Mwaka 1951, yeye ana miaka kumi, mkoloni akatuhamisha kwa nguvu ili walowezi wapate pa kufugia, nyumba zikachomwa, watu wanabeba walichoweza, na mama yetu akaacha chungu jikoni akaenda mlangoni kung'oa shina la isale. Kwa wageni mliotoka mbali, kwetu Wameru isale ni lile jani refu la kijani tunalolipanda kwenye mpaka wa shamba, na ukimkosea mtu ukamwendea umelishika mkononi, hana ruhusa ya kukukatalia msamaha, hata kama ulimwaga damu. Watu wakamcheka, “Namnyaki, unaacha chungu unabeba mti!” akasema chungu kitanunuliwa kingine, mpaka haununuliwi, akampa Sifaeli alibebe, na Sifaeli akalibeba mpaka hapa Ndoombo, kwenye kihamba cha babu, hili shamba la migomba na kahawa mlilokanyaga leo, likapandwa, likazaa, likazunguka kihamba chote.

Hapo ndipo kaka alipopata msimamo wake, si kwenye kitabu. Alikuwa anasema fensi ya masale inamzuia ng'ombe, lakini jirani anapita na habari zake, na nchi nayo inatakiwa iwe hivyohivyo, ujue pa kuanzia na pa kuishia, na mtu akipiga hodi afunguliwe. Waliomwita mtu wa zamani hakuwakasirikia, aliwaambia zamani ndiyo iliyowazaa.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1952, akamaliza darasa la nane mwaka 1959, na mwaka 1961, mwaka uleule wa Uhuru, akaajiriwa chama cha ushirika kuwa mpima kahawa, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 1996. Mwaka 1965 akachaguliwa balozi wa nyumba kumi, na ubalozi huo aliushika mpaka watu wakasahau kwamba huwa unapigiwa kura. Mtoto akipita bila shikamoo alimrudisha mpaka kule alikotokea aje upya, hata wewe mheshimiwa diwani ulirudishwa, usicheke. Vyama vingi vilipoingia akasema haya, vije, lakini msiba ubaki mmoja, kwa sababu mwaka 1995 watu wa kitongoji hiki walishaanza kutozikana, huyu bendera hii, yule bendera ile, akasimama kwenye njia ya kuingia kwa mfiwa, yeye mwenyewe mtu wa chama cha Uhuru mpaka kwenye mifupa, akamvua kofia mwenyekiti wa chama chake mwenyewe akaitundika kwenye mgomba, akasema, “Utaikuta ukitoka, maiti hana kadi.” Na leo nimeona kofia za kila rangi zimetundikwa pale njiani na hakuna aliyewaambia, huo ndio ushindi wa mtu, kaka, angalia migomba yako ilivyochanua kofia.

Alifunga ndoa takatifu na wifi yangu Tabea tarehe 8 Januari 1966, Mungu akawajalia watoto wawili, Nelson mwaka 1968 na Nancy mwaka 1971, na wajukuu saba.

Sasa Lesian, sikia vizuri, hapa ndipo penye gereji.

Mwaka 1974 lori la ushirika liliharibika msimu wa kahawa, likapelekwa Arusha kwa fundi Kulwant, yule mzee Singasinga aliyekaa pale na kilemba cheupe, baba yake alizaliwa hapahapa Arusha na yeye pia, na lori liliporudi likakatika springi njiani, magunia yakamwagika. Kaka alishuka mjini na hasira zake akamwambia Kulwant mbele ya wateja, “Umetufunga springi mbovu, mgeni wewe, rudi kwenu.” Kulwant akamuuliza, “Kwetu wapi, Sifaeli? Kaloleni, hapo mtaa wa pili?” Wiki ileile ikajulikana dereva alipakia magunia kupita kiasi, fundi hana kosa, na mama yetu Namnyaki alipoambiwa lile neno la rudi kwenu akaacha kula. Akamwita kaka, akamwambia sisi tuliambiwa tuondoke kwetu, nyumba zikachomwa, na wewe uliyebeba isale kwa mikono yako ndiye unakwenda kumwambia mtu aondoke kwao? Kata isale, nenda.

Kaka akasema, “Mama, yule si Mmeru, hajui maana yake.” Mama akasema, “Wewe unajua, inatosha.”

Akaenda. Akasimama mlangoni pa gereji amelishika jani na shina lake kwa mikono miwili, kimya, kama inavyotakiwa, na Kulwant akafuta mikono akafurahi, akasema, “Aa, Sifaeli, umeniletea maua!” akachukua debe la oili, akajaza udongo, akalipanda papo hapo, akaita chai. Kaka alirudi nyumbani ameinamisha kichwa, kwamba mila imefanywa bustani, na mama yetu akacheka mpaka akakaa chini. “Sisi tukipewa isale tunaliweka mpaka linakauka,” akasema, “mwenzako amelipanda. Huyo amekusamehe kuliko sisi tunavyosameheana.” Tangu siku ile hakuna msiba wa ukoo huu ambao Kulwant hakukaa, hakuna harusi yao ambayo kaka hakwenda, na mtu akisema Wahindi wale ni wa kuja, kaka alimuuliza, wewe ulizika wangapi hapa Ndoombo?

Mtoto wake Nelson akasoma, akapata kazi kwenye shirika, akajenga Njiro, huko mjini Arusha, nyumba ya ukuta na geti la umeme, hatumlaumu, ndiko kazi ilipo. Lakini alikuwa na baba yake kama jiwe na jiwe. Krismasi ya 2017 alisema hapahapa uwanjani, wageni wanasikia, “Baba, wazee kama nyie ndio mmeichelewesha nchi hii, dunia imehama.” Kaka akamjibu, “Ikishafika mahali pazuri uniambie, nitaifuata,” watu wakacheka, na Nelson hakusahau kile kicheko.

Mwezi wa Juni 2018 kaka akalazwa kwa ajili ya mguu, na Nelson, nasema haki yake, alifikiri anamfurahisha, akaleta katapila, masale yote yakang'olewa, juu na chini, yakachomwa moto, ukuta wa tofali ukaanza kupanda. Kaka alirudi na magongo, akashuka kwenye gari, akaona moshi. Akasema, “Safari hii hakuna Mzungu wa kumlaumu.” Halafu akasema aliyechoma mpaka wa bibi yake asikanyage hapa mpaka aje na isale, na siku yeye baba atakapofariki, mtoto asipokuwa amelileta, udongo wa kwanza autupe mwingine. Kwetu sisi udongo wa kwanza ni wa mtoto wa kwanza wa kiume, akiukosa ni kama hakuzaliwa.

Nelson akaona hilo ni dogo. Jumapili iliyofuata akaja na isale, alilinunua kwa wauza maua wa barabarani huko mjini, lina mistari ya njano, liko kwenye chungu chenye utepe mwekundu, akapiga goti. Kaka akaliangalia, akaliangalia, akasema, “Hili ni la hotelini, au unataka nikupe chumba?” Wazee wakaangua vicheko, na Nelson akasimama na suti yake ina vumbi magotini, akaondoka, na miaka sita hakurudi. Wifi Tabea alimwambia mumewe kila Krismasi, “Mzee, unataka isale la mpaka wetu, na la mpaka wetu limeungua, mtoto atalitoa mbinguni?” Kaka anajibu, “Alitoe popote, lakini liwe letu.” Halafu anakwenda nje kukaa peke yake anaangalia barabara, na alikuwa haangalii magari, wifi, wewe unajua alikuwa anaangalia gari gani.

Mwaka jana moyo ukaanza kumsumbua, akalazwa mara mbili. Mwezi wa Desemba Nelson alipeleka gari kwa Kulwant kufungwa springi, akakaa kivulini kusubiri, na kile kivuli, jamani, kilikuwa cha masale, marefu kuliko mlango, yamepasua debe yakatia mizizi chini yakazunguka gereji nzima. Akauliza tu, kama mtu anayeuliza saa, “Mzee, haya uliyatoa wapi?” Kulwant akamwambia, “Si baba yako aliniletea maua, wewe ukiwa mtoto wa kuvaa kaptula?” Kulwant anasema Nelson alikaa chini kwenye matairi akalia, yeye akadhani kijana ameogopa gharama ya springi.

Tarehe 21 Desemba 2024 wakaja wote wawili, Nelson amelishika kwa mikono miwili, kimya, safari hii bila utepe. Kaka alikuwa kwenye kiti hapo barazani, macho yameshaisha nguvu, akalipapasa lile jani toka shinani mpaka nchani, akauliza limetoka wapi, akaambiwa limetoka gereji kwa Kulwant. Kaka akacheka, jamani, alicheka mpaka tukaogopa moyo wake, akasema, “Kumbe Singasinga ndiye amenitunzia mpaka wangu! Nilimwambia arudi kwao, na kwao ndiko kumeniletea mtoto.” Akamtemea Nelson mate ya baraka kichwani na kifuani, mbele ya mzee Elinami ambaye ni shahidi, na Nelson akavunja ukuta kwa nyundo mwenyewe, akapanda vipande vya isale lile kuzunguka kihamba, akaacha kipande cha ukuta cha barabarani tu kwa sababu ya bodaboda wanaokatiza shambani, kaka akakubali.

Nelson akaomba na jambo moja, kwamba dada yake Nancy naye apewe sehemu ya kihamba, jambo ambalo wanaume wa ukoo huu hawakuwahi kulisikia. Tukasubiri ngurumo. Kaka akasema mila ni kama mgomba, unakata mama unaacha mtoto, na shamba ni lilelile, Nancy apewe upande wa mfereji. Mkasema ameshindwa na dunia mpya. Mtu anayeshindwa hagawi, Lesian, anayegawa ni mwenye mali.

Alifariki hapa nyumbani Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa kumi na mbili asubuhi, ana miaka themanini na tatu, kichwa kiko mkononi mwa Nelson, ndani ya mpaka wake wa masale.

Kwa hiyo, isale la gereji. Shina lile lilitoka Ngare Nanyuki mkononi mwa Sifaeli, likaja Ndoombo, likashuka mjini, likalelewa kwenye oili na mtu ambaye hakujua anachokilea, na sisi tuliojua tukalichoma. Kama hilo si isale, basi wewe Lesian nawe si Mmeru, maana ulizaliwa hospitali ya mjini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, tunawashukuru majirani mlioleta kuni, maziwa na ndizi bila kuitwa, wastaafu wenzake wa ushirika, usharika na kwaya, na familia ya Kulwant waliolala hapa na sisi siku zote nne.

Kaka, lala salama, mpaka umefungwa, na aliyekuwa nje ameingia.

Nelson, njoo mbele, baba yangu. Lesian, mdogo wangu, nyanyuka umpe mwenzio koleo kwa mkono wako mwenyewe, udongo wa kwanza ni wake. Eeh, hivyo, asante, Mungu akubariki. Na ninyi wengine, Nancy yuko pale njiani penye kofia, ana vipande vya isale, kila mmoja achukue chake akapande kwake, na atakayeuliza limetoka wapi, msimwambie limetoka Ndoombo mkanyamaza, mwambieni yote, na la debe la oili msiliruke.