Mapasa wa Visima Viwili

Benchi letu la mtaa wa Manika ni mataruma mawili ya reli yaliyolazwa juu ya matofali, nyuma ya ukuta wa kanisa, na mtu akilikalia asubuhi bila kutoa maoni tunamuuliza kama anaumwa. Tata Godefroid, fundi umeme mstaafu, tunamwita Tata Ohm. Mechack anayetengeneza simu ni Connexion. Nkulu ni mchimbaji wa shaba, na kwa kuwa hoja zake zikishashuka hazipandi tena, tumempa jina la Shimo. Mimi nilikuwa karani wa ofisi, kwa hiyo mimi ni Greffier, na natembea na kalamu hata nisipokuwa na la kuandika. Kahawa ni ya Mama Mapasa. Jina lake la ubatizo ni Brigitte, lakini alizaa mapasa, yaani mapacha, na hapa kwetu mwanamke akishazaa mapasa jina la ubatizo linakwenda kupumzika.

Asubuhi ile tulimkuta Gloire ametutangulia, kompyuta magotini, macho mekundu. Gloire ndiye fundi aliyetufungia mashine ya maji. Tuna visima viwili vya mtaa, cha kanisa na cha reli. Wachimbaji wakimwaga maji ya mashimo yao, kisima cha reli huingia madini, na kwa macho huwezi kujua, maji ni meupe vilevile. Gloire akateremsha kipimo kimoja katika kila kisima, akavuta nyaya mpaka kwenye boksi la ukutani, na ndani ya boksi akaweka kakompyuta ka Linux kadogo kuliko kitabu cha nyimbo. Kwa kuwa kakompyuta hakaelewi lugha ya vipimo, kila waya hupita kwanza kwenye adapta yake ya USB, na hiyo ndiyo mkalimani. Juu ya kila kisima kuna taa. Kijani, chota. Nyekundu, acha.

Miezi mitatu tuliitii kama padri. Kisha umeme ukaanza kukatika-katika, na taa zikaanza kubadilisha kauli. Alhamisi cha kanisa kikawa chekundu na cha reli kijani, akina mama wakaenda kuchota cha reli, na yale maji mbuzi wa jirani aliyakataa. Mama Odile, mwenyekiti wa kamati ya maji, akasema mashine inayosema uongo ni afadhali isiwepo. Akapanga kuja asubuhi ile saa nne kuitoa ukutani.

— Myezi munane nilitumika hii kazi, Gloire akatuambia, kwa Kiswahili chetu cha huku, ambamo watu ni batu, ndiye ni njo, na mahali ni fasi. Bakiitoa, batu batarudia kuonja na lulimi. Na ile sumu haina ladha kila siku.

Nilimhurumia sana. Ni binti wa watu wa Mutshatsha, mpole, na hajawahi kutuambia kwamba hatujui kitu, ingawa nafasi amezipata nyingi.

Akatuonyesha tatizo lenyewe. Alitoa kipimo cha kisima cha kanisa, akakitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya chumvi ili kidanganyike kwamba maji ni mabaya. Taa iliyowaka nyekundu ilikuwa ya reli. Akazima mashine, akaiwasha, akarudia: sasa ikawaka ya kanisa. Akazima tena, akawasha, ikarudi kwa reli. Kikombe kilekile, chumvi ileile.

Tata Ohm alikuwa wa kwanza kuelewa, kwa maelezo yake mwenyewe.

— Ni la masse, mwana yangu. Courant ikikatika, inarudia na hasira. Kama masse haiko muzuri, ile hasira haina fasi ya kwenda.

Gloire akajibu kwa heshima kwamba waya wa ardhini aliufunga mwenyewe na kuupima mara mbili. Tata Ohm akasema kupima si kuamini, akaomba kahawa.

Connexion yeye alizishika zile adapta hapohapo kwenye boksi, akazinusa. Akatangaza kwamba ni kopi ya kopi, na kwamba Linux ni mtu wa kweli, kopi anaifungia mlango. Gloire akamgeuzia kioo cha kompyuta. Adapta zote mbili zilikuwa zimeandikwa pale, ttyUSB0 na ttyUSB1, zote hai, zote zinafanya kazi. Connexion hakuyumba. Akasema basi ni nyaya za ndani: wa kusema umefungwa kwenye wa kusema.

— Donc bote banasema, hakuna mwenye anasikia.

Mama Mapasa akauliza kama anaeleza mashine au anaeleza benchi.

Hapo Shimo akakohoa, nasi tukajua tunashuka. Kwa maelezo yake, waya wa mashine ni shaba, na chini ya reli kuna shaba ambayo haijachimbwa. Ya waya inamsikia ndugu yake aliyebaki ardhini, inageukia upande ule. Tena betri ya kompyuta ya Gloire ina kobalti, na Shimo hakuona ajabu kwamba kobalti hiyo aliichimba yeye, mwaka juzi, na sasa imefurahi kumwona. Tata Ohm hakutaka kushindwa na mchimbaji katika mambo ya umeme. Akasema umeme wetu unatoka kwenye bwawa la Nzilo, yaani mwanzoni ulikuwa maji, kwa hiyo ukipita karibu na kisima unasimama kusalimia jamaa, na ndiyo maana unachelewa na kuchanganya taa. Hata mimi, nasikitika kusema, nilitoa ya kwangu: kwamba boksi limefungwa kwenye ukuta wa kanisa, na huenda linasumbuliwa na dhamiri.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Gloire akafunga kompyuta yake.

— Bachilie tu. Batoe.

Mara ile tuliona kwamba tulikuwa tunacheza na kazi ya mtoto wa watu. Mama Mapasa akafuta mikono, akasogeza kiti chake kwenye boksi, akachomoa adapta moja.

— Hii karatasi umebandika hapa, umeandika nini?

Gloire akaona haya kidogo. Alieleza kwamba adapta zile zinafanana kabisa, basi alizipa majina ya mapasa. Kwa Waluba mapasa hawachaguliwi majina. Anayetoka kwanza tumboni ni Kyungu, anayemfuata ni Kabange, na ndivyo walivyoitwa hata wana wa Mama Mapasa mwenyewe. Hapa Kyungu alikuwa wa kanisa, Kabange wa reli.

— Na machine inajua kusoma karatasi yako?

— Hapana, mama. Yee anabaita sifuri na moja.

— Sifuri ni nani?

— Ule anatangulia kuamuka. Mwenye anamufwata njo moja.

— Na courant ikikatika?

— Banalala bote mbili. Ikirudia banaamuka, na ule anatangulia...

Gloire akaigeukia ile karatasi ya jina.

— Kila mara banazaliwa tena, Mama Mapasa akasema. Leo huyu ametoka mbele, anaitwa Kyungu. Kesho mwenzake amemupita ku mulango, yeye njo Kyungu. Karatasi yako inabakia palepale, lakini mutoto amebadilika.

Tata Ohm akasema ndivyo hasa alivyokuwa anataka kusema kuhusu hasira. Tulimwacha. Gloire alikuwa amekwisha fungua kompyuta, anaandika kwa kasi. Adapta nzuri, alitueleza bila kuinua kichwa, kila moja huzaliwa na namba yake, unamwambia Linux amtambue kila mmoja kwa namba. Akatafuta namba kwenye kumbukumbu za mashine. Kisha vidole vikasimama. Zile zetu za bei rahisi hazikuwa na namba. Ukiziuliza ninyi ni nani, zote mbili zinajibu maneno yaleyale, herufi kwa herufi.

— Basi hakuna namna ya kubaachanisha, akasema.

Mama Mapasa akamjazia kahawa Connexion, ambaye kikombe chake kilikuwa kimejaa. Kahawa ikamwagika, hakuiona. Alitazama barabarani upande wa soko, kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa Gloire peke yake, ingawa sisi wote tulikuwa pale na masikio yetu.

— Batoto bangu nabo habakuwa na alama. Ile siku mvua ilinyesha sana, muchana, courant ikakatika ku maternité, kule tunazalia. Infirmière, ule alinizalisha, alifunga wa kwanza uzi ku mukono. Akababeba bote kubaosha. Wakati alibarudisha, uzi haiko. Nikamuuliza: nani Kyungu? Na yee akaniuliza mi.

— Ukafanya je, mama?

— Ningefanya je? Bashangazi balikuwa ku mulango, banangojea majina. Nikabalalisha, moja upande ya ukuta, moja upande ya mulango. Nikasema: wa ukuta njo Kyungu. Tangu ile siku sikubadilisha fasi tena. Banalia, banaguna, mi sisikilize nani anatangulia. Naangalia fasi, mpaka nikazoea sura.

Akaweka adapta kwenye mkono wa Gloire.

— Usimuulize nani ametangulia, mwana yangu. Uliza nani analala wapi.

Gloire akaligeukia boksi. Kakompyuta kana matundu ya USB, na kila tundu lina anwani yake ndani ya mashine, umeme uwepo usiwepo. Akachomeka adapta ya kanisa tundu la juu, ya reli tundu la chini, akaandika mistari miwili. Kuanzia sasa Linux haingetazama nani ameamka kwanza. Atakayekuwa tundu la juu ndiye wa kanisa, basi. Akarudisha kile kipimo kwenye maji ya chumvi, akazima, akawasha. Taa ya kanisa ikawa nyekundu. Akazima, akawasha. Ya kanisa. Mara ya tano Shimo alikuwa anahesabu kwa sauti, na Tata Ohm alikuwa ananishika mkono kwa nguvu, mzee wa watu. Gloire akamkumbatia Mama Mapasa na birika lake.

Mama Mapasa alifurahi, lakini akatutazama mmoja mmoja.

— Maneno ya maternité inabakia hapa ku benchi. Greffier, usiandike.

Nikairudisha kalamu mfukoni, na nathibitisha kwamba siku ile sikuandika neno.

Saa nne kamili taxi-moto ikasimama mbele yetu na Mama Odile akashuka, bisibisi mkononi. Dereva alikuwa Kabange, mwana wa Mama Mapasa, akazima pikipiki, akavua kofia yake ya chuma, akabaki pale akingojea abiria wake. Gloire akamfanyia Mama Odile jaribio la chumvi mara tatu. Mama Odile ni mwanamke wa haki. Aliangalia taa, akaangalia kikombe, akauliza swali ambalo mwenyekiti mzuri angeuliza: nani anamhakikishia kwamba kesho umeme ukikatika hazitabadilishana tena?

Na Gloire, ambaye furaha ilikuwa imempanda hadi kichwani, akasahau onyo lote.

— Haiwezekane, mama. Sasa nabatambua na fasi, hapana na nani ametoka wa kwanza. Ni Mama Mapasa njo alinifundisha. Hata ku maternité uzi wa Kyungu ulipotea, yee akasema tu: wa upande ya ukuta njo mukubwa.

Mama Odile akacheka, akarudisha bisibisi kwenye mkoba, akasema mashine inabaki, na kwamba mchana huu atapita mwenyewe kuwaambia akina mama waziamini taa tena. Gloire alilia, safari hii kwa furaha. Sisi wengine hatukuwa tunamtazama Gloire.

Ni lazima niwaambie jambo moja kuhusu Kabange. Ana miaka thelathini na moja, na tangu ajue kusema anamwita Kyungu yaya, yaani mkubwa wake. Kyungu husalimiwa kwanza, huchukua nyama kwanza, na nyumbani kwao mdogo haoi kabla ya mkubwa. Kyungu hana haraka ya kuoa. Kabange ana mchumba, Jémima, na hajawahi kulalamika hata siku moja.

Alikuja mpaka mbele ya jiko, kofia mkononi, bila hasira yoyote usoni.

— Mama, akasema. Basi yaya ni nani?

— Bote mulitoka mu tumbo yangu, Mama Mapasa akajibu. Nabapenda bote sawasawa.

— Ile najua, mama. Nauliza yaya ni nani.

Tukamtazama Tata Ohm, naye alikuwa anakagua kiatu chake. Connexion, ambaye ana jibu la kila simu iliyoanguka majini, alikunywa kahawa iliyokwisha kupoa. Shimo alitazama chini na akabaki huko.

— Jémima ananingojea tangu myaka ine, Kabange akasema.

Mama Mapasa akainama, akakusanya vikombe vyetu vyote, vingine bado vina kahawa, akaanza kuviosha.