Waya wa Kahawia na Nyumba Tatu za Eliamini

Mgeni rasmi, sisi mafundi umeme wa mitaani, Sombetini, tunakukaribisha kwa furaha. Mlima Meru umejifunua tangu alfajiri, nasi tumeamua kuihesabu hiyo kuwa heshima yako.

TULIKOTOKA
Wengi wetu tulipunguzwa kazini kiwanda kilipobinafsishwa. Mwenzetu Eliamini, mzee aliyeketi kiti cha nyuma kabisa, alitoka na bisibisi, testa na masikio yake. Ufundi aliusikia tu: mwekundu ni moto, mweusi ni nyutro wa kurudisha umeme, kijani ni asi, na asi maana yake udongo.

Soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje zikaja nyaya za Dubai zenye rangi ngeni: kahawia, bluu, na kijani chenye mistari ya njano. Eliamini alizitazama muda mrefu. Kahawia si ndiyo rangi ya udongo? Basi hiyo ni asi. Ule wa mistari, umepambwa hivyo, lazima ndio wa moto.

TULIYOYAFANYA
Kwa akili hiyo aliweka umeme nyumba ishirini na sita, kutoka Ngaramtoni hadi Nduruma. Taa ziliwaka zote. Jioni alisimama barabarani akiziangalia zikitokeza migombani mojamoja, akajiona kama anatembea ndani ya ndoto yake mwenyewe. Hatumcheki. Tulimwonea wivu.

KILICHOTUAMSHA
Mwaka jana mwenzetu Lemayian, mwenye cheti cha chuo, aliitwa kwa Mama Pudensiana, Ngaramtoni, mojawapo ya nyumba hizo, kuongeza soketi. Akaona waya wa mistari ya njano, akajua ni asi usio na umeme, kama alivyofundishwa, akaushika. Ulimtupa hadi ukuta wa pili. Kidole kimoja kilikatwa.

Eliamini alikwenda hospitali, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Hivi nani alikwambia kahawia ni asi?"

"Macho yangu, mwanangu. Nisamehe."

Tangu siku hiyo anarudi nyumba kwa nyumba. Kumi na tano amezirekebisha. Nane anazijua, bado hajazifikia. Tatu amesahau zilipo, anaziota tu: moja ina mlango wa bluu, nyingine kunasikika maji ya mfereji, ya tatu hata ndotoni haonyeshwi vizuri. Akiamka, zimeshafutika.

Kanuni mpya inasema kuanzia Januari asiye na leseni asifungue hata swichi. Ni kanuni njema na tunaipokea kwa moyo mmoja. Lakini watakaoingia nyumba hizo sasa ni wenye leseni, na wao ndio wanaoamini rangi.

TUNACHOOMBA
Mtihani wa leseni uwe wa Kiswahili, na mikono nayo iulizwe. Kila fundi, hata mwenye cheti, azime meni swichi, ile kuu ya nyumba, na apime kwa testa kabla ya kugusa. Na Eliamini aruhusiwe kufuatana na Lemayian mpaka nyumba zote ziishe, kwa sababu ramani ya kuta zile iko kichwani mwake tu.

La mwisho tumeliongeza kwa kalamu uliposhuka garini, Eliamini alipomshika mkono Hafidha, katibu wetu anayekusomea haya. Mzee anasema nyumba ya tatu sasa ameiona. Mwenye nyumba alikuwa ofisa mgeni mjini, akamletea chai kwa mikono yake. Tusamehe kama tunakosa adabu. Mgeni rasmi, nyumba yako nani aliifunga umeme?

Mungu akulinde, awalinde na watoto wako, na kila mkono utakaogusa ukuta wako leo.

Ni sisi,
Umoja wa Mafundi Umeme wa Mitaani,
Sombetini, Arusha, Novemba 1998.