Verlene Toft, Mpima Masikio Aliyeambiwa Avae Kwanza

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni Ardith, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu, na kwa kuwa leo hawezi kunikatiza, nitasoma yote.

Verlene Nyquist Toft alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 hapa Lindsborg, Kansas, mtoto wa kwanza wa Emil na Alma Nyquist, wakulima wa ngano, akasoma hapa hapa hadi sekondari, na mwaka 1956 akaingia chuo cha ualimu Emporia, ambako alijiunga na chama cha dada wa chuoni, ambacho ukishakula kiapo chake wenzako ni dada zako mpaka kaburini, ndiyo maana mnaona safu nne za mbele zimejaa wanawake ambao mama yetu hakuwazaa.

Alifundisha darasa la pili Salina kuanzia 1960 hadi 1998, akafunga ndoa na marehemu Harlan Toft tarehe 17 Juni 1961, wakajaliwa Kristine na Dale, na kila Alhamisi yeye na dada zake wa chama walipima usikivu wa watoto mashuleni, wakawatafutia vifaa vya kusikia wasio na uwezo, kisha wakaenda kucheza na watoto waliolazwa wodini hospitalini.

Sasa niseme ukweli, dada yangu alikuwa na kiburi. Kufikia mwaka 2007 redio yake ilisikika mpaka kwa jirani, lakini tukimshauri naye akapimwe, alisema sisi ndio tunanong'ona.

Oktoba mwaka huo alimkuta wodini Tessa Brungardt, mtoto wa miaka saba, ambaye dawa za saratani zilimponya huku zikimharibu masikio, naye alikuwa akivificha vifaa vyake vya kusikia chini ya mto, ingawa madaktari walionya kwamba asipovizoea mapema ataachwa nyuma shuleni. Verlene alimbembeleza wiki tatu, hadi mtoto akamkazia macho.

"Bibi, wewe mwenyewe husikii, nimekuita mara tatu. Vaa wewe kwanza."

Verlene akaenda kupimwa. Baada ya wiki mbili alirudi na vifaa vyekundu vya kuonekana toka mlangoni, wakahesabu pamoja moja mbili tatu, wakavaa, na tangu siku hiyo Tessa alivivua wakati wa kuoga na kulala tu. Sisi nyumbani tukashika adabu, maana Verlene alianza kusikia tulivyoisema keki yake ya karoti.

Moyo ulianza kumsumbua Mei 2023, akauguzwa nyumbani, na Jumapili tarehe 11 Februari 2024 nesi alitaka kumvua vifaa apumzike vizuri, Tessa, ambaye sasa ni mwanamke mzima na mwenye afya, akamzuia.

"Viache, nesi. Bado tunaongea naye."

Basi tukaongea, mmoja mmoja, watoto wake, dada zake wa chama, nami nikamwomba radhi kwa mambo ninayoyajua mwenyewe, akanifinya kidole, na saa tisa alasiri akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani mliotulisha wiki nzima, walimu wenzake, na ninyi dada zake. Pumzika, Verlene wangu, yote tuliyotaka kukuambia uliyasikia.