Ulimi wa Kuazima: Maisha ya Mama Mvuke, Mpishi wa Supu za Msimu wa Baridi

Ndugu waombolezaji, tunawaomba mtulie kidogo, haya yameandikwa na mdogo wa marehemu, yule fundi viatu mnayemjua kwa maneno mengi, na ndiye anayeyasoma, kwa kuwa familia ilikosa mwingine mwenye sauti ya kufika mpaka viti vya nyuma.

Marehemu, tuliyemzoea kwa jina la Mama Mvuke, alizaliwa tarehe 14 Juni 1966, katika chumba cha nyuma ya duka la mikate, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, wa pili ndiye huyo fundi viatu. Alianza shule Januari 1974, akamaliza darasa la saba mwaka 1980, akishika nafasi ya tatu, wakati mdogo wake aliishia la tano kwa sababu ambazo si za leo.

Tarehe 3 Juni 1985 aliajiriwa kuwa mpishi katika kantini ya karakana ya mabasi, chumba chenye dirisha moja na majiko mawili, na hapo ndipo zilipoanzia supu zake za msimu wa baridi, akikaanga vitunguu polepole mpaka vilainike, akitia maboga na karoti, kisha njegere, kabichi mwisho kabisa isije ikalegea, mboga za msimu huo tu na si nyingine, na chumvi akiitia baada ya kuepua. Mdogo wake yuko tayari kuapa kwamba makanika mmoja aliyeletwa kajifunika mablanketi mawili alimaliza bakuli, akavua sweta, akaingia chini ya basi kufunga giaboksi, na kwamba dereva mmoja alikataa cheo cha kituo kingine, kwa kuwa huko walipika maharage mwaka mzima.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na mpaka rangi wa mabasi hayohayo, aliyemtangulia mwaka 2016, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye ni mwalimu na kijana ambaye ni fundi wa mafriji, wote wako hapa mbele.

Kuhusu ugonjwa, ulianza asubuhi ya tarehe 5 Juni 2023, alipomvuta mdogo wake nyuma ya mlango wa jikoni.

"Nikionja nasikia ladha ya msumari tu," alimwambia. "Kuanzia leo wewe ndiye ulimi wangu, na ole wako useme, wataniondoa jikoni."

Fundi akavimba kichwa, maana tangu utotoni dada ndiye aliyekuwa akimwongoza yeye, akawa anapita kantini kila siku kabla ya kufungua kibanda, anaonja, anatoa hukumu kama jaji, ongeza, acha, bado. Miguu ya dada ilipoanza kuvimba, fundi alichukua viatu vyake akavipanua kwa kalibu ya mbao, mara ya kwanza Agosti, mara ya pili Novemba, huku akijisifu kwamba hakuna duka lingeviweza, yeye peke yake duniani akijua habari za ulimi na za miguu, na asiziweke pamoja hata siku moja.

Tarehe 11 Machi 2024 marehemu alianguka jikoni, akalazwa, daktari akasema figo zimechoka kwa muda mrefu, akauliza dalili zilianza lini, binti akamgeukia fundi.

"Mjomba, ulikuwa unajua?"

Naye akajibu kwamba hajui lolote, mama yao alikuwa mzima kama chuma, na marehemu pale kitandani alisikia, akageukia ukutani. Alifariki tarehe 2 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na saba.

Mpwa, jibu halikuwa lile. Mjomba wako alijua, miezi tisa mizima, na hakuombi umsamehe leo mbele za watu.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, majirani walioleta viti na maji, na wafanyakazi wenzake wa karakana, hasa kwa ile siku ya Julai ambayo fundi alipitiwa na usingizi asifike kuonja, chumvi ikaingia mara mbili, nanyi mkamaliza mabakuli yote bila kukunja uso, mkamwambia ahsante mama, akarudi nyumbani akiimba.

Dada, pumzika sasa, kwa amani.