Wasifu wa Veronika Mloka, Aliyejibu "Hapana" kwa Sababu Yangu

Padri, wanaukoo, na nyinyi majirani mliopanda na jeneza kutoka Mafiga: mimi ni kaka yake marehemu. Katika familia yetu wasifu wa kila msiba nimeuandika mimi, na huwa mnanisifu kwamba nina kalamu nzuri. Leo mnivumilie.

Veronika Mloka alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 hapa Matombo, akiwa mtoto wa mwisho kati ya watatu wa marehemu mzee Kasiani Mloka na marehemu mama Yustina. Mimi ni wa kwanza, Lucy alikuwa wa kati. Alibatizwa hapo misheni, na mama alipenda kusimulia jinsi alivyolia mpaka Padri akakatisha sala mara mbili.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1984 hadi 1990, akafaulu kwenda sekondari ya bweni. Alikuwa kidato cha pili mama alipofariki, Novemba 1992. Mvua ilikuwa imekata barabara, hivyo alifika siku mbili baada ya mazishi. Alichokikuta ni karatasi yangu ya wasifu, mimi mwalimu kijana niliyejiona msomi: "Mama aliugua homa ya mapafu." Huo ulikuwa uongo. Mama alikuwa na saratani ya titi, na titi lile lilioza akiwa hai, tukawa tunamhudumia kwa zamu huku tumeziba pua. Baba alisema, "Hayo hayasomwi mbele ya watu." Nikatii.

Baada ya kidato cha nne marehemu alianza kuuza viungo katika soko la Morogoro mjini: mdalasini, iliki na pilipili manga za kutoka milima hii. Mteja akishika mdalasini mbaya, alimwambia, "Dada, huo wa zamani, umeshapoteza harufu. Njoo Alhamisi." Wauzaji wenzake walinuna. Wateja walirudi Alhamisi.

Tarehe 6 Septemba 1997 alifunga ndoa na Petro Mkude, fundi seremala wa Mafiga, na mwaka uliofuata wakajaliwa binti yao mmoja, Pili. Meza ya viungo ilitengenezwa na Petro. Jeneza hili pia ametengeneza yeye, na hakutaka kusaidiwa.

Mwaka 2014 dada yetu Lucy alifariki Songea alikoolewa. Nilikwenda peke yangu. Kabla hajafa alinishika mkono akasema, "Kaka, mwambie Veronika, hili ni lile lile la mama." Nikaitikia. Nilirudi na wasifu mwingine mzuri: "Aliugua kwa muda mfupi." Muda mfupi huo ulikuwa miaka miwili, na Veronika sikumwambia kitu.

Mwaka 2018 wahudumu wa afya walikuja sokoni kupima matiti. Muuguzi alimuuliza kila mwanamke, "Mama yako au dada yako aliwahi kuugua saratani ya titi?" Waliojibu ndiyo walipangiwa kupimwa kila mwaka. Marehemu, ambaye hakuweza kumdanganya hata mteja wa mdalasini, alijibu, "Hapana." Akapewa kipeperushi, akarudi mezani kwake.

Februari 2022 aligusa uvimbe ambao yeye mwenyewe aliulinganisha na kungumanga ya mezani kwake. Kipande kilikatwa, kikapelekwa kupimwa Dar es Salaam. Majibu yalipokuja Mei, yalionyesha protini tatu zilizotafutwa kwenye uvimbe, na zote tatu ziliandikwa hasi. Kwetu sisi majibu hasi ni habari njema, basi Petro akachinja jogoo, tukala. Kesho yake tulikwenda wote kwa daktari, naye akatueleza taratibu: "Protini hizo ndipo dawa zetu nyingi zinaposhikia. Uvimbe huu hauna hata moja." Protini ya nne, inayoonyesha kasi ya kukua, ilikuwa asilimia themanini na tano.

Veronika akauliza, "Nina muda gani?"

"Tutautibu. Ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka mitatu. Ukisharudi, mama, tunahesabu miezi." Kisha akasema, "Aina hii wakati mwingine hutembea kwenye damu ya familia. Una uhakika hakuna mwingine?"

Alinigeukia mimi. Nikasema yote, ya mama na ya Lucy, pale pale mbele ya daktari.

Hakulia wala hakunitukana. Aliuliza tu, "Na Pili?"

Alipewa dripu za dawa, akafanyiwa upasuaji, akapigwa mionzi. Ugonjwa ulirudi kwenye mapafu Novemba 2023. Tangu hapo, miezi saba hakusema nami. Siku aliyoniita alisema, "Kaka, wasifu wangu utaandika wewe. Uandike jina la ugonjwa. Ukiandika homa, sitakusamehe." Jana jioni mjomba wetu aliniuliza, "Mwalimu, titi linasomwaje mbele ya Padri?" Nikamjibu, "Shikamoo, mjomba. Litasomwa."

Veronika alifariki kwa saratani ya titi Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Mafiga, akiwa na umri wa miaka 48. Alikufa akihangaika kuvuta pumzi, na akili zake zote alikuwa nazo.

Ameacha mume, Petro. Kaka, ambaye ni mimi. Mpwa, Bernadeta wa marehemu Lucy, miaka 31. Na binti, Pili, miaka 26. Pili ana miadi ya kupimwa Jumatatu. Nitakwenda naye, na muuguzi akiuliza kama yuko aliyewahi kuugua katika familia, nitajibu mimi, kwa majina matatu.

Apumzike Veronika kwa amani, ile ambayo mimi nilimnyima alipokuwa hai.