Mtu Mzito Upande wa Kushoto: Maisha ya Marehemu Protase Mujuni Ishengoma (1929–1976)

Wapendwa mliofika hapa Ijumbi, wengine kwa miguu na wengine kwa basi kutoka Bukoba, poleni kwa msiba na poleni kwa njia. Familia imempa shemeji yake marehemu, Rugemalira wa Kanazi, kazi ya kuwasomea habari hizi, labda kwa sababu shemeji huruhusiwa kutania hata penye machozi.

Protase alizaliwa hapahapa Ijumbi, Ihangiro, tarehe 3 Aprili 1929, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Ishengoma na Mama Alistidia, akabatizwa wiki ileile. Kwa kuwa alikuwa wa kwanza na tena wa kiume, kila mtu alijua kwamba yeye ndiye omusika, mrithi wa kibanja hiki cha migomba na kahawa. Asiyekuwa na uhakika alikuwa yeye mwenyewe tu.

Alianza shule ya misheni mwaka 1938 na kumaliza darasa la sita mwaka 1944. Walimu walimsifu kwa hesabu, wakamlaumu kwa kufungua kila kitu chenye skrubu, ikiwemo saa ya Padri, ambayo, tusimwonee, aliifunga tena ikatembea. Mwaka 1948 alikwenda Bukoba kujifunza ufundi wa magari katika gereji moja karibu na bandari. Aliaga kwamba anakwenda kwa mwaka mmoja. Mwaka huo ulirefuka, na Mzee akawa anapalilia na mtoto wa pili, Privatus.

Mwaka 1957 aliajiriwa na Ayubu Bashiri, mfanyabiashara wa mjini, kuendesha boti yake ya injini iliyopeleka chumvi na mafuta ya taa visiwani na kurudi na samaki. Tarehe 23 Januari 1960 alifunga ndoa na Theopista wa Kanazi, dada yake huyu anayewasomea. Upande wetu tulisita. Kwa watu wa migomba, mwanamume anayeshinda majini ni yule asiye na kibanja, na huyu alikuwa nacho akakiacha. Theopista alitujibu kwamba anaolewa na mtu, haolewi na mgomba. Tukala pilau.

Sasa lile jambo ambalo wengi wenu mmelisikia kwa kusimuliwa. Jumapili baada ya Misa, Ayubu alipenda kuvutwa nyuma ya boti kwa kamba, amesimama juu ya ubao wa mvule. Siku moja mwaka 1961 chumvi ilikuwa haijashushwa, na wapakiaji walikuwa wameirundika yote nyuma, upande wa kushoto. Ulikuwa upakiaji wa aibu. Boti ilikwenda imeinama kona moja. Lakini nyuma ya kona ile wimbi lilisimama juu, laini, bila kuvunjika. Kamba ikalegea mikononi mwa Ayubu. Akaiachia, na bado akawa anateleza, anasukumwa na wimbi peke yake. Alipiga kelele ya furaha, Protase akadhani mwajiri wake amezama.

Kuanzia hapo Protase aliufanya uzembe ule kuwa ufundi. Alipanga magunia ya mchanga kwenye kona ya kushoto, akaendesha kwa mwendo wa baiskeli mahali tambarare. Ukizidisha mafuta, alisema, wimbi linalala; ukipunguza, linakufa. Hakukata kona kwa ghafla, na hakumkaribia mtu aliye majini kabla ya kuzima injini, maana pangaboi halina undugu. Na kwa kuwa dereva hutazama mbele, hakuwahi kuliona wimbi lake. Theopista ndiye aliyekaa akitazama nyuma na kumwambia: ameachia kamba, amesimama, ameanguka.

Tarehe 9 Desemba 1962, Sikukuu ya Jamhuri, mji mzima ulikuwa ufukweni. Mzee Ishengoma naye alifika, lakini hakuja kwa ajili ya sherehe. Alikuja kumwambia mwanawe kwamba arudi nyumbani kabla ya Krismasi, la sivyo kibanja kinakwenda kwa Privatus. Alimkuta Protase ameshika kiuno. Magunia yake ya mchanga yalikuwa yamechukuliwa kushikilia maturubai ya jukwaa la wageni, na Ayubu alikuwa tayari majini na ubao wake. Boti ilihitaji uzito, na mtu mnene kuliko wote ufukweni pale alikuwa Mzee. Sasa nani atamwomba baba yake akae mahali pa gunia? Protase alitazama chini. Theopista akapiga magoti mbele ya baba mkwe wake, akamwita baba kwa heshima ya Kihaya.

"Tata waitu, boti imepungukiwa na mtu mzito," alisema.

Mzee aliposikia mtu mzito, alinyoosha kanzu, akashika fimbo, akapanda kama mgeni rasmi. Alionyeshwa kiti chake kwenye kona ya nyuma, kushoto. Walipofika katikati ndipo alipotambua kwamba amechukua nafasi ya magunia mawili. Theopista anasema alifungua kinywa kumlaani mtu, kisha wimbi likainuka mbele ya macho yake na Ayubu akaitupa kamba botini. Mzee akafunga kinywa. Alitazama nyuma mpaka injini ilipozimwa.

Waliposhuka alimwambia mwanawe, "Kumbe wewe hukioni unachokifanya."

"Huwa naambiwa, Tata."

"Basi mimi nimekuona."

Tulidhani yamekwisha. Hayakwisha, maana kabla ya kupanda basi Mzee alitoa onyo lake. Krismasi ilifika, Protase hakurudi, na Mzee alikuwa mtu wa neno lake: kibanja alikabidhiwa Privatus mbele ya ukoo. Baba na mwana hawakugombana. Kila sikukuu Mzee alikwenda mjini na kuketi kwenye kona yake bila kuombwa. Ila habari ya ardhi haikutajwa tena, na ilimuuma Protase. Alimwambia mkewe kwamba hamwonei wivu Privatus kwa ndizi wala kahawa. Anachotaka ni mahali pa kulala siku akifa, asizikwe kama mpita njia.

Baada ya Azimio la Arusha, Ayubu aliikabidhi boti kwa ushirika wa wavuvi wa kijiji cha ujamaa, mwaka 1968, na Protase akaendelea kuwa dereva. Petroli ikawa ya kazi, mchezo ukaisha. Alibeba samaki, walimu na akina mama wenye uchungu wa kujifungua. Sasa alipakia mizigo sawasawa, na kila alipopita karibu na mitumbwi alipunguza mwendo ili wimbi lake lisimzamishe mtu. Wavuvi walimpenda kwa hilo.

Mwanzoni mwa mwaka 1975 alianza kuumwa ini. Alitibiwa Bukoba kwa uangalifu mkubwa, akauguzwa nyumbani kwake Nshambya. Mwezi Julai mwaka huu alimwomba Theopista amtafutie nafasi katika makaburi ya mjini, kwani Ijumbi hana chake. Habari zikamfikia Mzee. Alipanda basi na Privatus, akaingia, akaketi kitandani.

"Kibanja nilimpa mdogo wako akilime," alisema. "Sikusema wewe si wa pale."

"Hukusema, Tata. Na mimi niliogopa kuuliza."

Wakamleta nyumbani. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Agosti 1976, saa moja asubuhi, mke wake na baba yake wakiwa pembeni.

Marehemu ameacha baba, Mzee Ishengoma, mjane, Theopista, watoto watatu, Joviana, Felicitas na Mwijage, mdogo wake, Privatus, na rafiki yake Ayubu, ambaye ameshindwa kusimama tangu afike.

Kaburi mnaloliona, kando ya Mama Alistidia, Mzee Ishengoma alilitenga kwa ajili yake mwenyewe tangu mkewe alipofariki mwaka 1969. Hakuna aliyethubutu hata kupanda maharage pale. Juzi jioni alimwonyesha Privatus kwa fimbo achimbe hapo. Privatus alimuuliza, je, yeye watamlaza wapi.

Mzee alimjibu, "Mimi mtanibana popote. Nimpishe mtoto alale na mama yake."

Mungu ampokee Protase, na ardhi ya baba yake imlaze kwa amani.