Suro Toe, Mwizi wa Baiskeli za Mchana

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Aliye juu ya baiskeli na redio ameifunga kwenye usukani, ashuke, asimame pembeni kidogo. Leo tunamkumbuka fundi baiskeli, na sitaki mtu aingie mtaroni kwa ajili ya marehemu. Mwenyewe angecheka sana.

Suro Toe amefariki. Suro Toe, fundi baiskeli wa Tansega, amefariki Jumatatu asubuhi nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu. Amezikwa Jumatano. Ameacha mjane, Mama Salimata Zerbo, na watoto watano.

Kabla sijaendelea niseme jambo. Marehemu alikuwa Msamo. Mimi, Rasmane Wedraogo, ni Mmosi. Kwa hiyo makabila yetu ni watani, na mnajua mtani anatakiwa kufanya nini msibani. Haruhusiwi kulia. Anatakiwa kumtukana maiti mpaka wafiwa wacheke. Mkinisikia namwita marehemu mtumwa wangu au mla mbwa, msinipigie simu hapa studioni. Natimiza wajibu.

Watu wanasema Toe alifundisha baiskeli watoto elfu moja. Si kweli. Nilikaa na binti yake mkubwa, Korotimi, tukataja majina mpaka tukaishiwa. Tulipata mia moja na kumi na wawili. Mia moja na kumi na wawili, basi. Mimi ni mmoja wao, na kovu langu liko hapa kidevuni.

Siku zile hapakuwa na baiskeli za watoto. Nyumba ilikuwa na baiskeli moja, ya baba, nyeusi, ndefu, yenye bomba la katikati. Mtoto hafikii kiti. Anapitisha mguu wa kulia chini ya bomba, mwili wote unaning'inia upande mmoja, makalio nje, na pedali anaikanyaga nusu nusu. Tulijifunza hivyo sote. Ila kuendesha hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kuipata hiyo baiskeli, maana baba hakukupa hata uifute vumbi.

Sasa hapo ndipo alipoingia Toe. Mtani akichukua kitu chako huwezi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Mchana, mzee wa Kimosi akishashiba ugali wa mtama na kujinyoosha kivulini, Toe anaingia uani bila hodi. Anaishika baiskeli. "Mtumwa wangu, usiamke. Mali ya bwana wako naichukua mwenyewe." Mzee anamtukana kidogo, anageukia upande wa pili, anaendelea kukoroma. Toe anaitoa nje na kumkabidhi mtoto wa mzee huyo huyo. Alasiri baiskeli imerudi, imefutwa, na upepo umejazwa.

Alifundishaje? Walimu wengine hushika kiti na kukimbia nyuma yako. Toe hakushika kitu. Alikimbia ubavuni, mikono mgongoni, akitukana. "Tazama mbele, kibuyu wewe! Unaangalia tairi, litakukimbia? Enhe, anguka, anguka, Wamosi ndiyo kazi yenu!" Nani atakubali kuanguka mbele ya Msamo anayemcheka? Unakaza. Unakanyaga. Ukija kugeuka, yeye yuko nyuma hatua hamsini, na wewe unaendesha.

Korotimi ananiambia, "Sisi wanawe hakutufundisha. Alisema hatutukaniki, tutaanza kulia halafu Mama atamsema. Alituacha tukitembea kwa miguu, watoto wa fundi baiskeli!" Mama Salimata, aliyekuwa ameketi karibu, akadakia: "Na ningemsema kweli."

Wasikilizaji wapendwa, wengi mnamfahamu kwa jina la Magoti. Mzee Magoti. Mmelitumia kumcheka miaka yote, na vijana hawajui lilitoka wapi. Nami nililitumia, na nilijua lilikotoka. Leo nitalieleza.

Mwaka ni sabini na tano. Tansega kulikuwa na mwashi anaitwa Nobila Sawadogo. Nobila alikuwa na baiskeli, na alikuwa na binti wa miaka kumi na mitatu, Tipoko. Tipoko alikuwa amefaulu kwenda sekondari huko Gursi, msichana wa kwanza kutoka kijijini kwetu. Kutoka Tansega hadi Gursi ni kilometa kumi na nne. Kumi na nne kwenda, kumi na nne kurudi. Bweni la wasichana halikuwapo. Ndugu wa kumpokea mjini hawakuwapo. Nobila alisema wazi, na mkewe alisikia: "Kwa miguu, haendi. Na baiskeli hajui. Kwa hiyo haendi." Shule ilikuwa inafunguliwa mwanzoni mwa Oktoba.

Tipoko mwenyewe, ambaye sasa ni mkunga mstaafu, nimemkuta juzi kwake akichambua kunde. Nikamuuliza, ulikwendaje kwa Toe? "Sikwenda. Alikuja. Alinikuta kisimani nimenuna. Akasema, 'Wewe uso wa punda, umefiwa?' Nikamwambia. Akasema, 'Kesho mchana. Na uvae kitu cha kuanguka nacho.'"

Basi Agosti na Septemba, mchana baada ya mchana, Toe akaiba baiskeli ya Nobila, na Tipoko akajifunza. Wiki ya kwanza akaanguka. Ya pili akaanguka kidogo. Ya tano alikuwa amekwisha kutoka chini ya bomba, amekaa juu ya kiti, ncha za vidole ndizo zinazogusa pedali. Nobila alijua? Mkewe alijua, hilo nina hakika. Nobila mwenyewe, Tipoko anaapa, hakujua. Alilala kweli. Uashi unachosha.

Zikabaki siku sita shule ifunguliwe. Tipoko akateremka mteremko wa nyumba ya chifu. Mbuzi akakatiza. Tipoko akamkwepa mbuzi, akaingia kwenye matofali. Matofali mabichi ya udongo, yameanikwa mistari mistari, matofali ya baba yake mwenyewe, ya ghala la chifu. Akapita katikati kama jembe. Uma wa mbele ukapinda, gurudumu likajikunja kama namba nane. Kelele zikamwamsha Nobila.

Nobila akaja. Akayatazama matofali. Akaitazama baiskeli. Akamtazama binti yake, ambaye alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi.

Toe akawahi. "Mtumwa wangu, nimekuvunjia baiskeli. Una kingine nivunje?"

Hapo mtani hucheka. Hata kama moyo unauma, hucheka. Nobila hakucheka. Akamwambia binti yake, "Nyumbani. Habari ya shule imekwisha." Akampa Toe mgongo. Akaibeba baiskeli yake begani, akaondoka.

Wasikilizaji wapendwa, mimi nilikuwepo, nina miaka tisa. Nakumbuka watu wazima walivyoogopa. Wamosi na Wasamo tunatukanana tangu enzi za babu zetu ili tusipigane. Mtu akikataa kucheka, huo utani una nini tena?

Siku tatu Toe akakaa kibandani kwake. Mama Salimata anasema hakula vizuri. "Nikamwambia, nenda ukamwombe. Akaniambia, 'Nimwombe Mmosi? Nikipiga magoti mbele ya Mmosi, watanicheka mpaka wajukuu wangu wazeeke.' Nikamwambia, haya, kaa na magoti yako." Na Toe alijua jambo moja, na mkewe alilijua pia: ombi la mtani aliyepiga magoti halikataliwi. Ndiyo maana hatulitumii ovyo. Wengine wanakufa hawajalitumia hata mara moja.

Siku ya nne ilikuwa siku ya gulio. Tansega nzima ipo, na vijiji vya jirani vipo. Nobila yuko kwa wauza pombe ya mtama, kibuyu mkononi. Toe akaja amevaa kanzu safi. Akapita katikati ya watu, akafika mbele ya Nobila, akapiga magoti. Magoti yote mawili, kwenye tope la gulioni.

Watu wakapiga yowe. "Njooni muone! Msamo yuko chini! Leteni watoto waone!" Mwanamke mmoja alicheka akamwaga mafuta yake ya kukaangia. Toe akabaki chini mpaka wakatulia kidogo. Kisha akasema, na sasa hakukuwa na utani ndani yake, "Nobila, nakuomba mtoto aende shule."

Nobila akanywa. Akamwacha pale. Alimwacha muda mrefu, hilo nalisema kwa sababu wengine hulifupisha. Alimaliza kibuyu, akaagiza kingine, akakinywa nusu. Kisha akasema, "Inuka, mtumwa. Unanizibia upepo." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akapaliwa na pombe. "Aende. Na wewe utainyoosha hiyo baiskeli, tena utaitengeneza mpaka siku nitakayokufa."

Toe aliinyoosha kwa siku mbili. Tipoko akaenda shule nayo. Nobila akaanza kwenda kazini kwa miguu, miaka minne, ngazi begani. Toe aliitengeneza baiskeli ile mpaka Nobila alipokufa, miaka ishirini na miwili baadaye. Na tangu gulio lile jina likawa Magoti. Sokoni, Magoti. Msikitini, Magoti. Watoto aliowafundisha yeye mwenyewe, tukimfuata nyuma, Magoti, Magoti! Hakuna hata siku moja aliyojitetea. Nilimcheka kwa jina hilo karibu miaka hamsini na leo naona haya kidogo. Kidogo tu, alikuwa Msamo.

Watoto wa Toe, nao, walifundishwa baiskeli na Tipoko, kila likizo, shule ya Gursi ilipofungwa. Korotimi anasema alitukana vibaya kuliko baba yao.

Mama Salimata, Korotimi na wadogo zako, na ukoo wote wa Toe kule Tugan, poleni sana. Mtumwa wetu amekwenda. Sisi watani zenu tumebaki bila mtu wa maana wa kutukana. Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja wenu anayepanda baiskeli alifundishwa na mtu. Huenda mtu huyo alijifedhehesha mahali ambapo wewe hukuwapo. Leo mkumbukeni. Kama yupo hai, mwendeeni.

Nimalizie na mazishi. Wamosi tulikwenda wengi, tukafanya fujo inavyotakiwa. Mmoja alijilaza kaburini, akasema hatoki mpaka marehemu amrudishie pampu. Wafiwa walicheka. Ikafika zamu ya Tipoko. Siku moja kabla alikuwa ameniambia kwamba katika miaka yote ile hakuwahi kumshukuru Toe. Alijaribu mara tatu. Siku alipomaliza shule, Toe alimjibu kwamba punda hawasemi asante, wanapiga mateke. Siku alipopewa kusimamia kituo cha uzazi, Toe alimfukuza kwa spana. Mara ya tatu alimwambia, "Tipoko, ukinishukuru utani utakwisha, na mimi nitakuwa nimebaki na magoti machafu tu."

Kwa hiyo tulimtazama, tukingoja tusi. Tipoko alisimama ukingoni mwa kaburi. Akasema, "Toe. Asante."

Kisha akangoja, kichwa amekiinamisha kidogo, kama alivyozoea kungoja atukanwe. Tulingoja sote. Akaanza kulia, yeye mtani, mbele ya Wasamo wote, na hakuna aliyemcheka.